Kabla ya Kumpandisha Boti: Nyumba za Kurekebisha Vijana, Leseni na Amana ya Mzazi



Mama mmoja wa Unguja ametuandikia. Mwanawe ana miaka 16, ameacha skuli tangu mwaka jana, mchana analala, usiku haonekani, na vitu vya ndani vimeanza kupotea kimoja kimoja: kwanza birika la umeme, halafu simu ya bibi yake. Jamaa amemwelekeza kwenye nyumba iliyoko bara, upande wa Lugoba, ambako vijana "hunyooshwa". Apande boti mpaka Dar es Salaam, apande basi la Tanga, akishapita Chalinze ashuke Lugoba, atapokelewa hapo. Kijana akae miezi sita, na malipo ya miezi mitatu yatangulie. Simu hairuhusiwi. Mzazi naye haruhusiwi kufika kwa miezi mitatu ya mwanzo, "kwa sababu kijana akimuona mama yake anaharibika".

Mama anauliza mambo mawili. Je, nyumba kama hiyo inaruhusiwa kisheria? Na je, atapata dhambi akimpeleka kwa nguvu?

Tumeamua kumjibu kwa urefu, kwa sababu si yeye peke yake. Wazazi wa Unguja na Pemba wanaotafuta pa kumpeleka kijana nje ya kisiwa ni wengi kuliko wanaosema. Nyumba aliyoelekezwa hatutaitaja wala kuihukumu, kwa sababu hatukuingia ndani. Tunaeleza namna nyumba hizi zinavyofanya kazi, nani anatakiwa kuzisimamia, na kwa nini watu wanabishana kuhusu usimamizi huo.

Kwanza tuseme kidogo kuhusu umbali. Wanaopita barabara ya Chalinze kwenda Segera wanaijua Lugoba. Ni mji mdogo wa barabarani wenye malori, vumbi la machimbo ya kokoto, shule ya sekondari na kituo cha afya. Si pahala pa siri. Lakini kwa mama wa Unguja ni mbali: bahari katikati, nauli ya boti na ya basi, na hana ndugu pale wa kupita kuuliza hali. Tumejiuliza kwa nini mzazi apeleke mtoto huko ilhali nyumba za namna hiyo zipo Unguja na Pemba. Jibu tunalijua sote. Huko hakuna atakayemjua. Hakuna atakayesema mtaani kwamba mtoto wa fulani ni teja. Kwa hiyo mzazi anaponunua huduma, ananunua na umbali, na umbali huohuo unaoficha aibu ya familia ndio unaoweza kuficha fimbo, njaa na mnyororo.

Nyumba hizi ni kitu gani hasa?

Jina la kiserikali ni nyumba za upataji nafuu. Mitaani tunaziita soba. Zanzibar zilianza kufunguliwa mwishoni mwa muongo wa 2000, wakati unga ulikuwa umeshaharibu mitaa mizima ya mjini, na zilienea pia katika miji ya pwani ya bara, Bagamoyo ikiwemo. Wengi wa walioziasisi na wanaoziendesha ni watu waliowahi kutumia wao wenyewe, wakaacha. Hili ni jambo la kheri na lisidharauliwe. Mtu aliyepita kwenye arosto anajua uongo wa arosto. Kijana hawezi kumdanganya kama anavyomdanganya baba yake. Mfumo wenyewe mara nyingi ni wa hatua 12, wenye mikutano ya kila siku, kazi za nyumbani, ratiba ya kuamka na kulala, na kukaa miezi mitatu, minne au zaidi mbali na marafiki wa zamani. Familia hulipa ada.

Soba si hospitali. Matibabu ya dawa ya methadoni kwa waliozoea unga yalianza Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar yakaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Hutolewa chini ya madaktari. Soba nyingi hazina daktari ndani. Hii si hoja ndogo, kwa sababu mtu aliyezoea pombe kali au vidonge vya usingizi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Mwenye arosto ya unga anaweza kutapika na kuharisha mpaka maji ya mwili yakaisha. Kumfungia mtu chumbani siku saba "mpaka limtoke" bila ya mtu wa afya kumpima ni kucheza na roho.

Liko jingine ambalo wazazi hawalifikirii. Kijana wa miaka 16 aliyeanza kuvuta bangi na kutoroka skuli si mgonjwa sawa na mtu wa miaka 35 aliyejidunga kwa miaka kumi. Wakilala chumba kimoja, wakala sinia moja, wakapiga soga usiku kucha, nani atamfundisha nani? Tumesikia kwa zaidi ya mzazi mmoja maneno yanayofanana: mtoto aliingia na bangi, akatoka anajua unga unauzwa wapi na kwa bei gani. Na wako wanaopelekwa ambao hawatumii kitu chochote. Kosa lao ni ukaidi, au mchumba asiyetakiwa nyumbani, au maradhi ya akili ambayo familia imeyaita ujeuri. Nyumba isiyokuwa na mtu wa kupambanua haya itawapokea wote, kwani wote wanalipa.

Sasa sheria.

Hapa ndipo bahari inapokuwa na maana. Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyoleta Mamlaka ya kusimamia mambo hayo, na nyumba za upataji nafuu za bara zinatakiwa kufuata mwongozo wa Mamlaka hiyo. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2021 na Mamlaka yake. Afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo mtoto akishavuka bahari, ofisi ya Unguja anayoijua mama yake haina mkono kule Lugoba, na ofisi ya bara haijui kama mtoto huyo yupo mpaka mtu aende kuwaambia.

Pande zote mbili zina sheria ya mtoto: bara ni ya mwaka 2009, Zanzibar ni ya mwaka 2011. Zote zinamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Ya bara inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kumdhalilisha, na inasema kwamba hata kumrudi kuendane na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Makao ya watoto yanahitaji leseni, na afisa ustawi wa jamii ana haki ya kuyakagua. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la mama yetu ni hili: nyumba inayolaza watoto wa watu na kudai kuwatibu haiwezi kuwa halali kwa sababu tu mwenyewe ana nia njema na ukuta mrefu. Lazima iwe inajulikana na mamlaka.

Lakini tukisema ukweli wote, kuna upenyo. Nyumba ikijiita soba, ni ya Mamlaka ya dawa za kulevya. Ikijiita makao ya watoto, ni ya ustawi wa jamii. Ikijiita zahanati, ni ya Wizara ya Afya. Ikijiita chuo cha Qur-ani, watu wa serikali husita kuingia wakiogopa kuambiwa wanaipiga vita dini. Nyumba inayochanganya yote manne inaweza kukaa miaka bila ya yeyote kusema "hii ni yangu". Na nyingi za hizi zinazonyoosha vijana zinachanganya: asubuhi darsa, mchana kazi, jioni mkutano wa walevi, usiku kufuli.

Wanaotaka usimamizi mkali wanaitazama hali hii na kusema: kila nyumba iwe na leseni inayobandikwa ukutani, mtu wa afya, daftari la wanaoingia na wanaotoka, watoto watengwe na watu wazima, na wakaguzi wafike bila ya taarifa. Wanaopinga nao si watu wabaya, na hoja yao isipuuzwe. Wanasema masharti hayo yameandikwa na watu waliokaa ofisini. Mtu aliyeacha unga, akakodi nyumba ya vyumba vinne na kuwakusanya wenzake ishirini, hana cheti cha ushauri nasaha wala pesa ya kumwajiri muuguzi. Ukimfungia, wale ishirini wanarudi maskani jioni ileile. Zitakazobaki ni nyumba za matajiri. Na wapo wanaoogopa kwamba leseni itageuka mradi wa mkaguzi kupita kuchukua chake.

Sisi tunaona hoja hii ina nusu ya haki. Ni kweli cheti hakimfanyi mtu kuwa mwema. Lakini mambo yanayodaiwa na watu wa usimamizi si yote ya pesa. Kumtenga mtoto na mtu mzima kunahitaji chumba, hakuhitaji shahada. Daftari ni shilingi elfu chache. Mlango kuwa wazi kwa mzazi hakugharimu kitu.

Tutazame yaliyowafika wengine, na tuanze na Waislamu wenzetu, kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba jina la dini mlangoni linatosha.

Tarehe 26 Septemba 2019 polisi wa Nigeria waliingia katika jengo moja eneo la Rigasa, mjini Kaduna, lililojulikana kuwa ni skuli ya Kiislamu na pahala pa kurekebisha tabia. Walikuta zaidi ya watu 300, watoto wadogo na watu wazima pamoja, baadhi yao wakiwa na minyororo miguuni na makovu mgongoni. Wengi hawakutekwa. Walipelekwa na jamaa zao waliolipa ada, na wapo wazazi waliosema hawakujua yanayotendeka ndani. Wiki chache baadaye nyumba nyingine za namna hiyo ziligunduliwa, mojawapo ikiwa Daura, mji aliozaliwa Rais wa nchi wakati huo, Muhammadu Buhari. Mwaka uliofuata, 2020, mwandishi wa BBC ya Kiarabu alionesha picha alizozichukua kwa siri katika khalwa 23 za Sudan, na ndani yake watoto wadogo waliofungwa minyororo. Na hapa karibu, Eastleigh mjini Nairobi, familia za Kisomali zinazoishi Ulaya na Marekani zimekuwa zikileta vijana wao kwenye nyumba za "dhaqan celis", yaani kurudishwa kwenye mila. Wengine walidanganywa kwamba wanakwenda kuwasalimia jamaa, wakanyang'anywa pasipoti. Kitengo cha serikali ya Uingereza kinachoshughulikia ndoa za kulazimishwa kimelazimika kuwasaidia vijana wa aina hiyo.

Asije mtu akadhani ni ugonjwa wa Waislamu au wa Waafrika. Marekani ina biashara kubwa ya nyumba na kambi za vijana watukutu, tena za fedha nyingi. Paris Hilton, binti wa familia ya mahoteli, alisimulia hadharani mwaka 2020 namna alivyochukuliwa usiku kitandani akiwa kijana na kupelekwa kwenye skuli ya namna hiyo huko Utah. Jimbo la Utah lilikaza sheria mwaka 2021, na Desemba 2024 ikatiwa saini sheria ya nchi nzima kuhusu mateso ya watoto kwenye nyumba hizo. Hata hiyo haikuweka leseni moja ya taifa. Imeagiza zaidi utafiti na taarifa. Na mwezi Februari wa mwaka huohuo wa 2024, mtoto wa miaka 12 alifariki usiku wake wa kwanza kwenye kambi ya msituni huko North Carolina. Kambi ile ilikuwa na leseni, na leseni ilifutwa mwezi Mei, mtoto akiwa ameshazikwa.

Kwa hiyo leseni ni ya lazima, na haitoshi.

Tuje kwenye dini, ambako mama yetu anaogopa zaidi.

Wapo wanaosema kwamba serikali kukagua nyumba za kulelea watoto ni fikra iliyotoka Ulaya. Si kweli. Imam al-Mawardi, kadhi wa Kishafi'i wa Baghdad aliyefariki mwaka 450 Hijria, alipoeleza kazi za muhtasib aliwataja matabibu na waalimu pamoja, kuwa ni watu ambao msimamizi wa soko anatakiwa kuangalia kama kazi yao wanaiweza sawasawa au wana upungufu. Tabibu kwa sababu kosa lake linagusa roho. Mwalimu kwa sababu anachomzoesha mtoto mdogo ni vigumu kukiondoa akikua. Nyumba ya kurekebisha vijana imebeba kazi zote mbili chini ya bati moja. Aliyeikataa leseni kwa jina la dini na atuambie angemjibu nini muhtasib.

Na kuhusu kupiga. Wenye nyumba hizi hupenda kusema kwamba mzazi ameshawapa ruhusa, "nyama yako, mifupa yangu". Katika madhehebu yetu ya Shafi'i mambo si mepesi hivyo. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yote hii, ameeleza kwamba adabu inayotiwa na walii, mtawala, mume au mwalimu ina dhamana. Maana yake, aliyeadabishwa akifa au akilemaa kwa adabu hiyo, aliyemwadabisha anawajibika, hata kama alikuwa na haki ya kuadabisha. Ruhusa imefungwa na sharti la salama. Ruhusa ya mama haimtoi mwenye nyumba kwenye dhamana. Na tunaongeza kwa upande wetu: ruhusa hiyo haimtoi mama kwenye ulizi. Ada inalipia chakula na chumba. Amana haihamishwi kwa risiti.

Kuhusu kumpeleka kwa nguvu: kijana wa miaka 16 kwa Shafi'i ameshabaleghe kwa umri, kwani mpaka wake ni miaka 15 ya mwandamo kwa asiyeona alama kabla ya hapo. Anaandikiwa thawabu na dhambi zake mwenyewe. Kisheria bado ni mtoto mikononi mwa mzazi. Hatuoni kwamba mambo haya mawili yanagongana. Mzazi kumzuia mwanawe asijiangamize, na kumpeleka kwenye tiba asiyoitaka, si dhulma kwa asili yake, kama ambavyo si dhulma kumshika mtoto anayechomwa sindano. Lakini kwa kuwa ni mukallaf, kumdanganya kwamba anakwenda harusini Tanga, kisha akabidhiwe kwa watu barabarani, ni uongo ambao ataukumbuka akiwa na watoto wake. Walioacha kweli, tunaowajua, wengi hutaja siku waliyoambiwa ukweli na mtu wanayempenda. Mwenye suala lenye undani zaidi na amwone Sheikh wake au Ofisi ya Mufti. Sisi tumeeleza tunaloliona.

Basi mama afanye nini? Tulimwambia aanze na daktari, kabla ya soba yoyote, ajue mtoto anatumia nini na kama kuna maradhi ya akili yaliyojificha nyuma yake. Kisha kama soba inahitajika, atafute ya karibu kwanza, kisiwani, ambako shangazi anaweza kupita Ijumaa na chakula. Aibu ya mtaani huisha. Kama ni lazima bara, aende yeye mwenyewe kabla ya kumpeleka mtoto, bila ya taarifa, aone wanapolala. Aulize Mamlaka na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kama nyumba ile inajulikana. Kwa Lugoba ni Halmashauri ya Chalinze. Anaweza kupiga 116 pia, simu ya bure ya watoto inayofanya kazi bara na Zanzibar. Na amuulize mwenye nyumba maswali manne ambayo hayahitaji elimu: mwanangu atalala chumba kimoja na nani? Akiugua usiku mnampeleka wapi? Nikifika Jumanne bila ya kusema, nitamuona? Na yeye akitaka kunipigia, atanipigia kwa simu ya nani?

Wapo watakaosema kwamba kumzuia mzazi wiki za mwanzo ni sehemu ya tiba. Wiki mbili tunaweza kulielewa, kwa makubaliano, na mtu wa afya akiwemo. Miezi mitatu bila ya jicho la mtu wa nje hatujaona hoja yake.

Mama alipiga simu ile namba ya Lugoba akiwa na maswali yake kwenye karatasi. Ametuhadithia. Alipofika swali la tatu aliambiwa, "Mama, wewe mlete mtoto kwanza, hayo mengine tutazungumza akishazoea." Akashukuru, akakata. Kijana bado yuko nyumbani, na bado anatoka usiku. Jumatatu, in shaa Allah, anampeleka Kidongo Chekundu kuonwa na daktari, na ameshamwambia wanakokwenda.

Wabillahi tawfiiq.